Vampaya Anapoondoka

Katika sura ya tatu ya New Moon, riwaya ya pili katika mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer, vampaya anaondoka. Anamwongoza Bella Swan hadi kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba ya baba yake, anamwambia hamtaki tena, anambusu kwenye paji la uso, kisha anatoweka. Kitabu kina sura 24. Edward Cullen haonekani tena ana kwa ana mpaka sura ya 20. Msomaji aliyekifungua kwa ajili yake, na wengi wetu tulikifungua kwa ajili yake, anabaki na kitabu cha mapenzi ambacho mpenzi mwenyewe hayumo.

Wapo wanaokilaumu kwa hilo. Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja hosteli, huyohuyo aliyeniazima Twilight, alinishauri nisome mwanzo, niruke, halafu nidake pale Bella anapopanda ndege kwenda Italia. "Huko katikati hakuna kitu shoga yangu, ni kilio tu." Na nakala yangu mwenyewe, niliyoipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga vitabu vyao chini kando ya barabara kule Posta, inaonesha kwamba hayuko peke yake. Aliyeimiliki kabla yangu alipigia mstari kwa penseli kila neno tamu la Edward. Ukifika sura ya nne mistari inakatika. Inarudi Italia.

Mimi nakipenda kuliko kitabu kingine chochote katika mfululizo ule, na nakipenda kwa sababu ya hiyo katikati.

Stephenie Meyer alikuwa mama wa watoto watatu wa kiume anayeishi Arizona alipoota, Juni 2003, msichana na vampaya wakizungumza kwenye uwanda wa majani msituni. Ndoto hiyo ikawa Twilight, iliyotoka 2005, na New Moon ikafuata 2006. Alipokaa kuandika cha pili alikutana na tatizo la kila mwandishi wa mapenzi anayetakiwa aendelee: wapendanao wameshapatana. Ngano zetu hufunga mlango hapohapo, wakaishi raha mustarehe, na msimuliaji ananyanyuka kwenda kulala. Anayetaka kuendelea lazima abomoe alichokijenga. Wengi hubomoa kidogo tu. Wanaleta mwanamke mwingine, barua iliyopotea, mama mkwe mwenye visa. Meyer aling'oa nguzo ya kati.

Tena aliing'oa kwa kitu kidogo sana. Tarehe 13 Septemba Bella anatimiza miaka 18. Asubuhi hiyo anazinduka kutoka kwenye ndoto iliyomtisha: alimwona bibi yake, akawa anatafuta namna ya kumtambulisha kwa Edward, kumbe mbele yake kulikuwa na kioo na yule bibi kizee ni yeye mwenyewe. Edward ana miaka 17 tangu 1918, alipokuwa akifa kwa lile janga la mafua huko Chicago na daktari Carlisle akamgeuza vampaya. Bella sasa amemzidi umri, na kila mwaka atamzidi tena. Jioni akina Cullen wanamwandalia sherehe. Akifungua zawadi, karatasi inamkata kidole. Tone la damu linatoka. Jasper, mdogo kwa uzoefu wa kujizuia katika familia ile, anamrukia. Edward katika kumkinga anamsukuma, Bella anaangukia sahani za kioo, na sasa mkono wote unavuja damu ndani ya nyumba iliyojaa vampaya. Carlisle anamtoa vipande vya kioo na kumshona nyuzi. Hafi mtu. Siku chache baadaye Edward ameshaamua.

Kisha zinakuja kurasa ambazo ndizo zilizonifunga kwenye kitabu hiki. Ukurasa wa kwanza umeandikwa Oktoba, basi. Unaofuata, Novemba. Kisha Desemba. Kisha Januari. Kurasa zote hizo hazina sentensi hata moja. Unazigeuza kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo msichana wa miaka 18 amepoteza theluthi ya mwaka. Sijui njia nyingine ambayo mwandishi anayesimulia kwa nafsi ya kwanza angeweza kusema kwamba msimulizi hakuwepo. Angeandika kurasa hamsini za machozi, tungechoka. Akaziacha tupu, na mimi nilijikuta nimeweka kidole kwenye Desemba, nikiwaza Krismasi ya nyumba ile ilikuwaje, baba na binti mezani, na baba hajui aseme nini.

Huyo baba nampenda sana. Charlie ni mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, mtu wa maneno machache na safari za kuvua samaki. Usiku anamsikia binti yake akipiga kelele usingizini. Asubuhi anamwona anakwenda shule, anafanya kazi, anarudi, anapika, anafaulu mitihani. Mwisho anashindwa, anamwambia atamrudisha kwa mama yake Jacksonville, kwa sababu haya anayoyaona si maisha. Kwetu mtu akifiwa jamvi linatandikwa, majirani wanaleta masufuria, wanawake wanalala na mfiwa mpaka tatu iishe. Aliyeachwa hatandikiwi jamvi. Anaambiwa mwanaume hakosekani, ale, aoge, aendelee. Nimeshawahi kukaa na msichana wa namna hiyo, akitazama ukuta, na watu wa nyumba ile wakamcheka kwa sababu kijana mwenyewe hawakuwa hata wamechumbiana. New Moon inauchukua msiba huo usio na jamvi na kuupa kitabu kizima. Anayeona huo ni upuuzi wa wasichana, sidhani amewahi kuwatazama wasichana wakati wa jambo hilo.

Lakini kuna swali ambalo mimi na rafiki yangu wa hosteli tumeligombania mara nyingi, na ndilo ninalotaka kuliandikia leo: je, Edward alikuwa na haki ya kuondoka?

Yeye anasema ndiyo. "Aliondoka kwa sababu anampenda. Angebaki, siku moja Bella angeuawa na ndugu zake hao hao."

"Alimuuliza?"

"Wewe, mtu akiwa ndani ya nyumba inayoungua utasimama mlangoni umuulize kama anataka kutoka?"

Ni hoja nzito na nimeihangaikia. Jibu langu ni kwamba Edward hakumtoa mtu kwenye moto. Alikaa siku kadhaa akipanga. Alikuwa na muda wa kusema: naogopa, nimeona mkono wako unavuja na nimeona uso wa Jasper, tufanyeje? Badala yake alidanganya. Alimwambia hamtaki, akijua ni uongo, kwa sababu alijua ukweli ungempa Bella nafasi ya kujibu. Halafu akaingia chumbani kwa Bella akachukua picha, akachukua diski ya muziki aliyomrekodia, akachukua hata tiketi za ndege walizopewa zawadi, ili ionekane kana kwamba hakuwahi kuwepo. Mwishoni mwa kitabu tunaambiwa vitu hivyo havikutoka chumbani. Vilikuwa chini ya mbao za sakafu, miguuni pa Bella, miezi yote. Wasomaji wengi wanaliona hilo ni tamu. Mimi naona mtu aliyeamua peke yake mwenzake akumbuke nini.

Hapo ndipo hofu za utotoni mwangu zilipoingia katika usomaji wangu.

Nimelelewa na bibi yangu Tanga, na vampaya wangu wa kwanza hakuwa na meno marefu wala joho. Alikuwa mumiani. Bibi alitukataza kurandaranda magharibi ikiingia, hasa gari tusilolijua likiwa limeegeshwa, kwa sababu mumiani walikuwa wakichukua watu, wakiwatoa damu, damu ikaenda kutengenezwa dawa. "Walimchukua nani, Bibi?" nilimuuliza. "Mjukuu wangu, walichukua asiye na wa kumuulizia." Simulizi hizi zilienea Afrika Mashariki na Kati yote wakati wa ukoloni. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto, watu wa magari mekundu ya kuzima moto, waliosemekana kuwakamata watu usiku kwa ajili ya damu zao. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kuziandikia kitabu kilichotoka 2000, na jambo moja analosisitiza ni kwamba zilikuwa namna ya watu kuzungumza juu ya kazi, mamlaka, hospitali na dola iliyowaingia. Mumiani hakuwa mzimu wa makaburini. Alikuwa na ajira, vifaa na bosi. Unamwogopa kwa sababu ametumwa na wasiohitaji kukuomba.

Vampaya wa Ulaya naye, ukimtazama vizuri, ametoka pahali hapohapo pa wenye nguvu. Vijijini mashariki mwa Ulaya alikuwa maiti aliyevimba anayerudi kusumbua jamaa zake. John Polidori, daktari kijana aliyefuatana na mshairi Mwingereza Byron, ndiye aliyemvika suti mwaka 1819 na kumfanya bwana mkubwa wa London, mwenye cheo na mvuto, anayemaliza wasichana na kuondoka. Tangu hapo vampaya wa vitabuni amekuwa na nyumba kubwa, fedha za zamani na adabu nzuri. Akina Cullen wanayo yote hayo, pamoja na magari ya kifahari.

Raha yote ya Twilight, na sioni haya kusema ilikuwa raha kubwa, imesimama juu ya hilo. Huyu ana uwezo wote wa kuchukua na hachukui. Anakunywa damu ya wanyama, anakaa pembeni yako darasa la baiolojia akiwa na kiu, na anajizuia. Kwa msichana aliyekua akiambiwa ajihadhari na kila mwenye nguvu, kuna faraja kusoma juu ya mwenye nguvu anayejihadhari mwenyewe. New Moon inatuonesha pengo lililokuwa kwenye ahadi ile. Edward aliahidi kutogusa damu. Hakuahidi kutogusa maamuzi ya Bella. Na alipoondoka hakuchukua hata tone moja, lakini Bella alibaki kama Bibi alivyosema watu walivyorudi, wale wachache waliosemekana kurudi: anatembea, anajibu salamu, na hayumo.

Namshukuru Meyer kwa Jacob Black. Ana miaka 16, anaishi La Push, pwani, na baba yake anayetumia kiti cha magurudumu. Bella anakuta pikipiki mbili chakavu zinatolewa bure nje ya nyumba ya mtu, anazipeleka kwa Jacob azitengeneze, kwa sababu amegundua akijiweka hatarini anaisikia sauti ya Edward kichwani. Sababu yake ni mbaya. Ila banda lile la fundi, na soda za moto, na spana, na kijana anayecheka, ndio mahali ambapo kitabu kinapumua. Jacob hafichi anachotaka. Anamwambia anampenda, anamwambia ana subira, anasikia jibu na anabaki. Bella anasoma Romeo na Juliet shuleni na anajiuliza jambo ambalo halikuwahi kunijia: ingekuwaje kama yule mchumba mwingine, Paris, angekuwa rafiki wa kweli wa Juliet, aliyekuja Romeo alipokwisha kuondoka? Ni swali zuri, na anajiuliza akiwa amekaa karibu na huyo Paris wake.

Kisha Jacob naye ananyang'anywa. Damu ya wazee wake inaamka kwa sababu vampaya wako karibu, mwili unapanda joto, unakua kwa wiki chache, na usiku mmoja anageuka mbwa mwitu. Hakuna aliyemuuliza. Zaidi ya hapo, Sam, kiongozi wa kundi, amemkataza kusema, na amri ya kiongozi inaufunga ulimi kwelikweli. Jacob anasimama chumbani kwa Bella usiku akijaribu kumwambia na maneno yanagoma. Kwa sura kadhaa kitabu kinakuwa na vijana wawili walioamuliwa na wengine, wakitafutana.

Kuna mahali pamoja hapo katikati ambapo sikubaliani na mwandishi hata kidogo. Ni nyumbani kwa Emily, mchumba wa Sam. Upande mmoja wa uso wake una makovu marefu. Sam alikasirika akiwa amesimama karibu naye mno, akageuka kwa nukta moja. Sasa Emily anaoka mikate ya vijana wa kundi, Sam anaingia, anambusu makovu yale, na Bella anatamani mapenzi kama hayo. Kitabu kinataka tumhurumie Sam. Mimi nilibaki na Emily jikoni. Hatuambiwi kwa kinywa chake mwenyewe ilikuwaje alipoamka hospitali, na ningetoa sura zote za Italia ili niisikie simulizi hiyo.

Na wenyewe La Push je? Wakuileute, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani ambalo Jacob anatoka, ni watu wa kweli. Wanaishi kwenye mdomo wa mto Quillayute, kwenye eneo la kama maili moja ya mraba walilotengewa 1889, mwaka uleule ambao nyumba zao zote 26 zilichomwa moto na mlowezi wakati wenyewe wamekwenda mbali kuchuma hopsi, maua ya kutengenezea bia. Lugha yao ni kati ya lugha chache sana duniani zisizo na sauti ya m wala n. Mimi ninayeandika kwa lugha ambayo haiwezi kumtaja mtu bila m, niliposoma hilo nilikaa nikiliwaza. Masimulizi yao ya asili yanasema kweli kwamba Mgeuzaji aliwatoa mbwa mwitu akawafanya watu. Hiyo ni habari ya chimbuko lao. Meyer, ambaye alichagua Forks kwa kutafuta kwenye intaneti mahali penye mvua nyingi na hakuwa amewahi kufika huko, aliichukua habari hiyo akaigeuza: watu wanakuwa mbwa mwitu, tena kwa sababu ya vampaya.

Filamu ya New Moon ilipotoka 2009, watalii walimiminika na fulana na vikombe viliuzwa vyenye jina la kabila lile. Jumba la makumbusho la Burke, huko Seattle, lilishirikiana na Wakuileute wenyewe kueleza kipi ni chao na kipi ni cha riwaya. Kijiji chao wakati huo kilikuwa kinaomba ardhi ya juu kidogo, kwa sababu shule ya watoto ilikuwa hatua chache kutoka baharini, mahali ambapo tsunami ikija haitoi muda. Sheria ya kuwapa ardhi hiyo kutoka hifadhi ya Olympic ilisainiwa 2012. Sisemi kitabu kichomwe. Nasema kwamba katika riwaya ambayo jeraha lake kuu ni mtu kuamuliwa bila kuulizwa, kuna watu nje ya kurasa waliofanyiwa hivyo, na siwezi tena kusoma sura za La Push bila kuwafikiria.

Turudi kwa Edward, kama kitabu kinavyorudi. Bella anaruka kutoka kwenye jabali kwenda baharini, kwa mchezo. Alice, dada yake Edward mwenye maono, anamwona akiruka na hamwoni akiokolewa. Habari inafika kwa Edward kwamba Bella amekufa. Anapiga simu nyumbani, Jacob anapokea, Edward anamuulizia Charlie, Jacob anajibu yuko kwenye mazishi. Ni mazishi ya mzee Harry Clearwater, aliyekufa kwa moyo. Edward hangoji kuuliza mazishi ya nani. Hata hapo haulizi! Anakwenda Volterra, mji wa kilimani Toscana, kuwaomba wafalme wa vampaya, Volturi, wamuue.

Sura hizi zinasomeka kwa kasi sana. Gari la njano lililoibwa, mji umejaa watu waliovaa majoho mekundu kwa sikukuu ya Mtakatifu Marcus, saa ya mnara inakaribia kupiga adhuhuri, Bella anakatiza kwenye chemchemi ya maji. Anamfikia Edward kabla hajajitokeza kwenye jua na kujifichua mbele ya watu. Yule mwenye penseli alipiga mistari mpaka karatasi ikatoboka. Namwelewa. Nami moyo ulinienda mbio, ingawa nilikuwa bado na hasira na Edward.

Lakini kuna aya chache baada ya hapo ambazo zingestahili penseli ile. Bella, Edward na Alice wameachiwa, wanatoka kwenye jumba la Volturi. Njiani wanapishana na kundi la watalii wanaoletwa ndani na Heidi, vampaya mzuri ambaye kazi yake ni kuwanasa watu. Wanapiga picha. Kati yao yuko mwanamke mdogo mweusimweusi, ameshika msalaba wa rozari yake, anauliza watu kitu kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Amehisi. Milango inafungwa. Bella anasikia mayowe. Kisha hadithi inaendelea, kwenye ndege, kwenye mikono ya Edward, kwenye usingizi.

Huyo ndiye niliyeambiwa na Bibi. Asiye na wa kumuulizia. Amesafiri mbali na kwao, haelewi lugha, hakuna hata mmoja katika jumba lile anayejua jina lake, na mapokezi amekaa Gianna, binadamu, anayejua yote na anajaza karatasi zake kwa matumaini kwamba siku moja watamgeuza awe kama wao. Mumiani kamili, na wafanyakazi wake, na ofisi yake. Meyer aliweza kuandika jambo hilo kwa aya chache na kulipita. Ningependa angesimama. Bella analia kwa ajili yao, ni kweli, ila mwanamke yule haji tena kwenye mawazo yake akishafika nyumbani, na mimi nimembeba tangu siku hiyo.

Volturi wamewaachia kwa sharti: Bella ageuzwe, kwa sababu anajua mno. Edward hataki. Hapo Bella anafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu sura ya kwanza. Anakwenda nyumbani kwa akina Cullen usiku, anawakusanya kwenye meza ya chakula, na anawaomba wapige kura. Nyie ndio mtakaoishi na mimi, anawaambia kwa maana hiyo. Mnanitaka au hamnitaki? Alice anasema ndiyo. Jasper, aliyemrukia kwenye sherehe, anasema ndiyo. Emmett ndiyo, Esme ndiyo, na Carlisle, baada ya kumtazama Edward, ndiyo.

Rosalie anasema hapana. Kwa vitabu viwili tumefundishwa kutompenda Rosalie, mrembo mwenye maringo, naye ndiye aliyempa Edward habari kwamba Bella amekufa. Sasa anamgeukia Bella na kumwomba radhi, na kumweleza kwamba haya si maisha ambayo angejichagulia, na kwamba anatamani kungekuwa na mtu wa kupiga kura ya hapana kwa ajili yake. Sababu zake kamili zinakuja kitabu cha tatu. Hapa tunapata sentensi chache tu, na ndizo zilizo bora kuliko zote kitabuni. Katika nyumba ile, yeye ndiye anayekumbuka kwa uchungu kwamba hakuulizwa. Kura yake ya hapana ina heshima kuliko ndiyo nyingi, maana anampa Bella kile ambacho yeye hakupewa, mtu wa kusema ngoja.

Edward naye alisema hapana, kisha akavunja luninga ya watu kwa hasira. Baadaye usiku huohuo anakuja na mapatano: atamgeuza yeye mwenyewe, kama Bella atakubali kwanza kuolewa naye. Rafiki yangu anasema huo ndio ushindi, mwanaume amekubali kuomba. Nami nakubali kwamba ni mara ya kwanza anauliza kitu na kungoja jibu, na nilifurahi. Nilifurahi zaidi Bella aliposita.

Nimekianza tena cha tatu wiki hii, kwa macho haya mapya, nikitaka kuona kama Edward amejifunza. Si mbali na mwanzo Bella anaamua kwenda La Push kumwona Jacob. Anaingia kwenye gari lake, anawasha, haliwaki. Edward amekaa kiti cha pembeni, mkononi ameshika kifaa alichokichomoa kwenye injini. Nimempigia simu rafiki yangu nikamsomea ukurasa huo wote. Amekaa kimya, halafu amesema atakisoma upya cha pili, na safari hii haruki.